Dola tano za mtaalamu wa makangaga: uzoefu wangu

Dada yangu aliniambia nilale kwanza ndipo niandike maoni yangu kuhusu hii programu ya simu, hasira ipoe. Nimelala usiku kadhaa. Haijapoa.

Mimi ni mtu wa makangaga, yale ambayo sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunayaita fujeri. Msinicheke. Sisi wa Goma tuliona lava ya 2002 ikikata mji katikati mpaka ziwani, kwa hiyo chochote kinachothubutu kuota juu ya lile jiwe jeusi nakipa heshima yake. Sasa, nyuma ya nyumba ya baba mdogo, njia ya Kibati, kuna ufa wa jiwe usiopata jua, na ndani yake kangaga dogo lisilozidi kiganja. Uti wake ni mweusi, unang'aa kama umepakwa mafuta, vijijani vimejipanga huku na huku. Kwamba ni Asplenium, jamii moja kubwa ya makangaga, nilijua. Ila za mawe zinafanana kama watoto wa tumbo moja, na hapo ndipo nilipopakua hii programu ya kutambua mimea kwa picha.

Jibu la kwanza: Asplenium viride. Hiyo ni ya huko Ulaya kwenye milima ya baridi, na uti wake ni wa kijani, jina lenyewe la Kilatini linasema hivyo. Wangu mweusi mpaka nchani! Sawa, mashine ni mashine, nikasamehe. Chini kulikuwa na kitufe cha kumuuliza mtaalamu, dola tano. Nikalipa. Mama mdogo alikuwa anatwanga sombe, akasimamisha mchi: "Dola tano kwa majani ya kwenye jiwe? Mwanangu, ungenipa mimi, ningekutajia jina lolote unalotaka."

Siku zikapita, jibu likaja. Nalinukuu lote: "Asplenium trichomanes. Ni rahisi. Soma kabla ya kuuliza."

Hata salamu hakuna.

Haya, nikasoma. Nikaazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa, nikarudi kwa baba mdogo, nikapiga magoti na kugeuza jani. Trichomanes, kila kijijani kina vimistari kadhaa vya spora, ile vumbi ambayo kangaga huzaliana nayo, mgongoni, vimelala mshazari pande zote mbili za mshipa wa kati. Hili la kwetu? Kimstari kimoja. Kirefu, kimejibanza kwenye ukingo wa chini, kimefunikwa utando mweupe mwembamba kama ganda la kitunguu. Nikahesabu jani zima: vijijani ishirini na viwili, viwili tu ndivyo vilikuwa na vimistari viwili, vingine vyote kimoja kimoja. Hiyo ni Asplenium monanthes, na hilo jina kwa Kigiriki ni "ua moja". Nikapiga picha ya mgongo wa jani, nikaituma kwa adabu zote. Nikajibiwa: "Swali limefungwa."

Limefungwa na nani?

Inasemekana zamani Wazungu waliamini mmea huu unatibu bandama, ndiyo maana ukaitwa Asplenium. Mimi ulinivimbisha yangu.

Lakini niseme kweli. Picha yangu ya kwanza niliipiga kwa juu, na kwa juu hizi mbili hakuna anayezitenganisha kwa uhakika. Tena trichomanes ikiwa bado changa inaweza kuwa na vimistari vichache. Kwa hiyo kosa la jina namwachia, angeweza kulifanya hata mwalimu wangu. Nilikuwa nimeanza kufikiria nyota tatu. Ila hapo ndipo damu inapopanda upya: kama kwa juu haiwezekani, "ni rahisi" ilitoka wapi? Maneno manne tu yangetosha, "nitumie picha ya mgongo", na dola zangu tano ningeziona halali.

Kwa maua ya bustani programu ni nzuri, sikatai, ilitambua kila kitu uani kwa jirani. Bila yale matusi nisingepiga magoti pale na kioo mkononi, hilo pia nalikubali, kwa shingo upande. Nyota mbili.

Hapana, moja. Ile ya pili ni ya mama mdogo, ambaye juzi nilimkuta anageuza majani yote ya kwenye ukuta mmoja mmoja, ananiita kwa sauti: "Hili lina mistari mingi, njoo!"