Una Kompyuta ya Mezani ya Zamani? Nunua Hivi, kwa Mpangilio Huu

Ukiingia dukani Lubumbashi na kompyuta ya ofisi ya miaka ya 2012, tuseme Dell OptiPlex 7010, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7. Subiri kwanza.

1. SSD ya SATA, inchi 2.5, yaani diski isiyozunguka inayotumia kebo ileile ya diski ya kawaida. Hapa sina ubishi na mtu. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde faili likiwa kubwa na limekaa pamoja. Windows inapowaka huomba vijifaili maelfu vilivyotawanyika. Kichwa cha diski kinahangaika huku na huku, na kasi inaporomoka. SSD haina kichwa cha kusogeza. Kwa duka la fotokopi GB 240 zinatosha. Usichukue ile nyembamba ya NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao: ubao wa umri huo hauna tundu lake, na hata ukitumia adapta, kwa kawaida BIOS, programu ya ubao inayoanzisha kompyuta, haitawasha Windows kutoka humo.

Tena, angalia feki. SSD ya nje ya TB 2 kwa bei ya flashi ni uongo mtupu: imechezewa ndani ijitangaze kubwa, na ukivuka ukubwa wake halisi mafaili yanaharibika. Mwombe muuzaji aijaribu kwa H2testw, programu ya bure, kabla hujalipa. Akianza kukasirika, dola zako zibaki mfukoni.

2. Diski ya nje ya nakala, TB 1. Wengi wangeweka rami (kumbukumbu ya kazi, RAM) hapa. Mimi nasema faili za wateja kwanza, maana umeme unaokatika katikati ya kazi hauulizi. Kwa nakala za kuweka kabatini chukua ya kuzunguka. SSD ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data. Ichomeke kwenye tundu la bluu, USB 3.0. Kwa USB 2.0, GB 500 zitakula saa nne hivi, na bila ondulere (UPS, betri ya kushika umeme ukikatika) hujui kama utafika mwisho.

3. Rami. Fika GB 8 za aina ya DDR3. Vipande vya seva vya bei ya kutupa, vilivyoandikwa ECC Registered, havitawaka kwenye mashine hii.

4. Prosesa. Kutoka i3-3220 kwenda i5-3470 unapata kori (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) nne badala ya mbili, soketi (tundu la prosesa) ileile ya LGA1155. i7-3770 ni ya mtu anayekata video. i7-4790 haiingii kabisa, soketi yake ni LGA1150. Wala usiinunue i7 kwa ajili ya Windows 11: kwa upande wa Intel, Microsoft inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, itaendesha mashine hiyo bila shida.

5. NAS (kisanduku cha diski kinachotumiwa kupitia mtandao) ya zamani ya diski mbili. Iwe ya mwisho. Prosesa yake kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao, huibadilishi. RAID 1, mpango wa kuandika data ileile kwenye diski zote mbili, nayo si nakala: ukifuta faili, limefutika pande zote mbili. Ukiinunua hata hivyo, zikwepe diski za WD Red za TB 2 hadi 6 zenye herufi EFAX kwenye namba ya modeli. Zinatumia SMR, njia ya kuandika data kwa mistari inayopandana, jambo ambalo kampuni ya WD ilikiri mwaka 2020, na kujaza upya diski iliyobadilishwa huchukua muda mrefu mno. Tafuta WD Red Plus au Seagate IronWolf.