Nimefungua boksi la Topps Heritage 2021, wachezaji wa leo ndani ya kadi za 1972

Kwa wasioijua hii kitu, Topps Heritage ni kadi za besiboli ambazo wachezaji ni wa sasa hivi ila kadi yenyewe imetengenezwa kwa sura ya zamani. Walianza 2001 wakachukua sura ya kadi za 1952, halafu kila mwaka wakawa wanasogea mwaka mmoja mbele, kwa hiyo toleo la 2021 limeangukia 1972. Mimi niko Ohio, besiboli nimeikuta ukubwani huku Marekani na sheria zake kuna siku bado zinanichanganya, lakini kadi zilinikamata kabla hata mchezo wenyewe haujanikamata, na hili boksi nililitafuta makusudi kabisa kwa sababu 1972 ndo mwaka Topps walipagawa na rangi.

Yaani juu jina la timu limejaa kwa herufi nene zilizovimba kama kava la santuri ya enzi hizo, picha imekaa kwenye fremu yenye tao, rangi zinagombana halafu kwa namna fulani zinapatana, chini jina la mchezaji basi. Nafasi anayocheza haijaandikwa mbele, 1972 ilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo kama humjui mtu lazima ugeuze nyuma ndo ujue ni mrushaji au mdakaji. Na huko nyuma ni rangi ya chungwa na maandishi madogo yaliyobanana, macho yanauma kidogo ila raha. Za Cleveland, timu ya hapa Ohio, bado zimeandikwa INDIANS, wao wamekuja kuitwa Guardians kuanzia msimu wa 2022, kwa mtu wa Ohio hiyo tu inatosha kuziweka pembeni.

Karatasi nayo aisee. Haing'ai. Kadi nyingi za siku hizi zimepakwa kitu kinachoteleza, ukizishika zinashikana na zinabaki na alama za vidole, hizi ni kavu na nzito kidogo, ukizipanga zinatoa ule mlio wa karatasi. Kitu pekee cha zamani ambacho sikililii ni bigijii: Topps walikuwa kampuni ya bigijii ya Brooklyn, paketi za 1972 zilikuwa na kipande ndani na kadi iliyolala jirani yake iliondoka na doa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaachana nayo na mimi nasema asante.

Sasa twende kwenye hela. Boksi la hobi (lile la maduka ya kadi) lina paketi 24 za kadi 9, yaani 216, na wanakuahidi kitu kimoja tu kikubwa, saini au kipande cha jezi au gongo. Saini zao za Real One ndo za kuota, mchezaji ameandika kwa kalamu juu ya kadi yenyewe na sio kwenye stika, ya kawaida ni wino wa bluu na zile za wino mwekundu zinaishia nakala 72 kufuata mwaka. Mimi nimeangukia kipande cha jezi cheupe pee cha mrushaji ambaye nadhani hata kwao hawamuulizii. Sijaumia, ila kama wewe unanunua boksi kwa ajili ya hiti, yaani hizo saini na vipande, utaumia sana. Wengine wanaingia humu kwa sababu walisikia kadi ya 1952 ya Mickey Mantle, nyota wa zamani, iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022, jamani ile ni kadi halisi ya kale, hii ni ya kuigiza na inafurahisha kwa sababu zingine.

Ishu yangu kubwa ni zile namba 401 mpaka 500. Seti nzima ni kadi 500 lakini hizi mia za mwisho zimechapwa chache kwa makusudi, inatoka kama moja kila paketi tatu, piga hesabu, boksi zima unapata kama nane hivi, kwa hiyo kuzimaliza kwa kufungua paketi peke yake unahitaji maboksi zaidi ya kumi na mbili na hapo tujifanye hakuna inayojirudia. Na sio roho mbaya tu, wanaigiza historia: 1972 kadi zilikuwa 787 na zilitoka kwa mafungu msimu mzima, lile fungu la mwisho kuanzia 657 lilifika madukani msimu wa besiboli unaelekea ukingoni na watoto hawana hamu tena, ndo maana leo hizo ni adimu. Wazo nalielewa na hata nalipenda. Mfuko wangu ndo haulipendi.

Kitu kingine, kabla hujazifungia kwenye binda (albamu ya kadi) geuza kila kadi uangalie ile namba ndogo kabisa chini nyuma. Kuna kadi za picha tofauti zimejificha humo na mara nyingi kinachozitenga ni tarakimu za mwisho za hiyo namba. Mimi kadi ya nyota Juan Soto nilishamweka kwenye rundo la kawaida, nikamrudia, akawa wa kawaida kweli, lakini dakika kumi za matumaini zilikuwa tamu.

Paketi mojamoja zilizotolewa kwenye boksi sikushauri. Kadi yenye kipande cha jezi ni nene, mtu mwenye vidole vizoefu anaipapasa paketi anajua, anabaki nayo, wewe unauziwa zilizobaki. Kuna muuzaji mmoja mtandaoni alinitumia paketi zake zimekunjwa kona zote, akasema ni posta. Haya.

Kwa hiyo boksi moja ndiyo, nunua, fungua taratibu paketi mbili tatu kwa siku, usifanye fujo za kuchana zote usiku mmoja. La pili usinunue. Zile za kawaida, namba 1 mpaka 400, nyingi zinauzwa rejareja kwa senti, za In Action (picha ya mchezaji akiwa anacheza) pia bei yake rafiki, na hela uliyookoa ipeleke kwenye 401 kwenda juu moja moja, ukianza na zile ambazo hazina jina kubwa kwa sababu za nyota wakubwa bei zao huwa zimechangamka.