Marashi ya lavenda yenye utamu na matunda kwa mchana wa joto: yapi uanze nayo

Marashi ya lavenda tamu huwapotosha wanunuzi wengi kwa sababu tunayahukumu katika dakika ya kwanza. Ukiyanusa kwenye karatasi ya kujaribia, ndani ya duka lenye kiyoyozi, karibu yote yanavutia: tunda linatangulia, lavenda inafuata, utamu umetulia nyuma. Toka nayo juani uone. Joto la ngozi huharakisha kuruka kwa chembe nyepesi za harufu, na hizo ndizo zinazobeba limau, bergamoti (tunda chachu la jamii ya machungwa), peasi na sehemu kubwa ya lavenda yenyewe. Zinazobaki ni zile nzito: vanilini yenye harufu ya vanila, kumarini yenye harufu ya majani makavu, miski, na etili-maltoli yenye harufu ya sukari iliyoungua kidogo. Ikifika saa nane mchana umebaki unanukia sukari tupu, na watu waliokaa karibu nawe wameshakinai.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga hasa kwa kipimo kimoja. Baada ya saa tatu au nne za joto, lavenda bado inasikika? Marashi yanayofaulu hapo yamepanda juu, hata kama dakika zake za kwanza si za kusisimua sana. Yaliyofeli yameshuka, hata kama ni mazuri ajabu usiku.

Kabla ya majina, jambo moja litakalokusaidia hata kwa chupa ambayo sikuitaja. Lavenda zinazotumika kwenye manukato hasa ni mbili. Ya kwanza ni lavenda halisi, Lavandula angustifolia, inayolimwa kwenye miinuko ya Provence, Ufaransa. Mafuta yake yamejaa linaloli na asetati ya linalili, kemikali mbili zinazoipa lavenda harufu yake, ni laini, na yana utamu wa mbali unaokaribia tunda. Asetati hiyohiyo imo kwa wingi kwenye bergamoti, ndiyo maana viwili hivyo vinaelewana kiasi kwamba huwezi kuona mshono. Ya pili ni lavandini, chotara wa lavenda halisi na jamaa yake wa mabondeni. Hutoa mafuta mengi zaidi kwa shamba lilelile, kwa hiyo ni ya bei nafuu, lakini ina kafuri zaidi, na ndiyo unayoikuta kwenye sabuni nyingi za kufulia. Ukinusa marashi na pua ikashtuka kama umefungua dawa ya kuchua, huenda umekutana nayo. Kafuri hiyo ikichanganywa na peasi na vanila mchana wa joto, huumiza kichwa.

Namba moja kwangu ni Libre Eau de Toilette ya Yves Saint Laurent, iliyotoka 2021. Usiichanganye na Libre Eau de Parfum, ambayo ni toleo zito zaidi, maana chupa zinafanana na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote. Hii ya Eau de Toilette ina lavenda, maua ya mchungwa na chai nyeupe, na hiyo chai ndiyo siri yake. Inaleta ukavu kidogo, kama majani yaliyokaushwa, unaozuia utamu usitande. Ukiivaa asubuhi unasikia kwanza machungwa na bergamoti, kisha maua ya mchungwa yanashika hatamu: ni ua, lakini lina utamu unaokumbusha tunda la mti wake. Lavenda haikimbii. Inakaa katikati, safi, na mchana ukishakolea bado unaweza kuitambua ukisogeza kifundo cha mkono puani. Kasoro yake ni kwamba haiachi harufu ndefu nyuma yako, na anayependa marashi ya kujaza chumba ataiona pungufu. Kwa ofisini, darasani au kwenye gari lililojaa watu, upungufu huo ni heshima kwa wenzako. Tunda lake pia ni la jamii ya machungwa tu, kwa hiyo kama kwako "matunda" maana yake ni peasi au pichi, soma inayofuata.

Cloud ya Ariana Grande, ya 2018, nimeipa nafasi ya pili kwa ajili ya tunda lake, na najua wapo watakaobisha. Ndiyo yenye tunda la wazi kuliko zote hapa: peasi inafunguka pamoja na ua la lavenda na bergamoti, halafu inakuja nazi, krimu, pralini (njugu za sukari) na miski. Ukisoma orodha hiyo unadhani itakuwa nzito kama keki. Ukipulizia mara tano, itakuwa hivyo kweli. Lakini kwa pulizio moja, au mawili chini ya nguo, ile miski na harufu ya mti iliyo chini yake huipa hewa, na utamu wake unaelea badala ya kuganda. Peasi yenyewe haidumu. Hilo ni jambo la kawaida. Peasi haikamuliwi mafuta kama ganda la chungwa, harufu yake hujengwa maabara kwa kemikali nyepesi ziitwazo esta, zinazoruka mapema. Kwa hiyo furahia tunda hilo asubuhi, na ujue mchana utabaki na nazi na krimu zaidi ya lavenda. Inashuka chini ya Libre kwa sababu hiyo tu. Kwa kijana anayenunua chupa yake ya kwanza, au mtu asiyetaka kutoa fedha nyingi kwa marashi ya kila siku, ningeanza na hii.

Ya tatu imo kwenye rafu ya wanaume, na ningependa wanawake waache kuipita: Phantom ya Paco Rabanne, 2021, ile yenye chupa ya roboti. Limau kali mbele, lavenda yenye krimu katikati, vanila yenye harufu ya mti chini. Limau linaikinga na joto vizuri kwa saa ya kwanza. Baadaye utamu unapanda, ila lavenda inabaki kuwa mwenye nyumba. Lavenda na vanila kwenye ngozi ya mwanamume si jambo geni kamwe. Kampuni ya manukato ya Caron ilitoa Pour un Homme mwaka 1934 kwa viungo hivyohivyo viwili, na hadi leo inauzwa.

Mon Guerlain Eau de Parfum, ya 2017, kazi ya watunga manukato Thierry Wasser na Delphine Jelk, ndiyo yenye lavenda nzuri kuliko zote nilizozitaja. Nasema hivyo bila kusita. Ni lavenda ya Provence iliyo laini, imewekwa juu ya yasmini, sandali na vanila ya Tahiti, na kwenye siku yenye upepo au wingu ingepanda hadi namba moja. Kwenye joto kali vanila inaimeza. Tunda pia ni dogo mno. Inunue kama majira yako ya joto ni ya upole.

Libre Eau de Parfum, 2019, iliyotungwa na Anne Flipo na Carlos Benaïm, ina chenza na zabibu nyeusi za kichaka (blackcurrant) mwanzoni, kwa hiyo kwenye maelezo ya boksi inaonekana kukidhi kila kitu. Ni marashi mazuri, lakini yana sauti kubwa. Yafaa kuanzia jioni. Na Burberry Goddess, 2023, ni vanila kwanza na lavenda baadaye; kwa mchana wa jua iache.

Iko njia nyingine, na kwa bajeti ndogo naipenda. Chukua lavenda kavu isiyo na sukari, kwa mfano Yardley English Lavender, upulizie mwilini, kisha juu yake weka maji mepesi ya mwili yenye harufu ya pichi. Harufu ya pichi hujengwa kwa kemikali ziitwazo laktoni, ambazo ni nzito kuliko esta za peasi, kwa hiyo hudumu hata lavenda inapopungua. Faida kubwa ni kwamba utamu unaupima mwenyewe siku kwa siku: jua likizidi, punguza pichi.

Ukienda kujaribu, usinuse zaidi ya tatu kwa safari moja, maana pua huchoka. Weka moja kwenye ngozi, si kwenye karatasi, utoke nje, utembee, na urudi kununua baada ya muda wa saa tatu ukiwa bado unayapenda. Duka likiwa na vichupa vidogo vya majaribio, nunua hicho kwanza na ukivae siku yenye joto kweli.

Mwenye ngozi inayowasha asome upande wa nyuma wa boksi. Linaloli ikikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika na kuzaa vitu vinavyoweza kusababisha mzio, na marashi ya lavenda yanayo kwa wingi. Hilo ndilo linalofanya chupa ya mililita 30 kuwa bora kuliko ya 100 kwa anayevaa mara chache: utaimaliza kabla haijaharibika. Iweke kabatini, mbali na dirisha, na usiisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani.