Kifaa gani cha kustrimu uweke kwenye TV yako: kuanzia cha kununua mpaka cha kukimbia

Boksi lilikuwa na maandishi ya dhahabu: 8K, 128GB, Android 13. Muuzaji wa Kariakoo akaniambia, "Bosi, hili ukishachomeka umemaliza, hulipii kitu tena." Nikalipa. Nyumbani nikahamishia video za harusi ya dada yangu kwenye hiyo 128GB, na kabla sijafika hata robo, zile za mwanzo zikagoma kufunguka. Netflix ilikuja na sura ya simu, naiendesha kwa mshale unaoteleza kama kipanya, na picha ina ukungu kwenye TV ya inchi 43. Rimoti yenyewe nyepesi kama kiberiti kitupu.

Tangu siku hiyo ndugu na majirani wananiita niwasaidie kuchagua, maana mwenye kovu anaaminiwa. Nami siku hizi naanza na maswali mawili kabla ya bei: kifaa kina kibali cha Google na cha Netflix? Na nyumba hii inatumia bando gani? Namba za kwenye boksi nazisoma mwishoni.

Kibali ni kitu gani

Android ni mfumo wazi. Kiwanda chochote kinaweza kuuchukua bure, kikautia kwenye kiboksi na kuandika kinachotaka kwenye karatasi ya nje. Android TV na Google TV ni jambo jingine: huo ni mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya skrini kubwa na rimoti, na mtengenezaji hawezi kuuweka mpaka Google wakikubali kifaa chake. Netflix nao wana ukaguzi wao. Kisicho na vibali hivyo kwa kawaida hubaki kwenye ngazi ya ulinzi wa video iitwayo Widevine L3, na hapo picha ya Netflix haivuki ubora wa kawaida, yaani 480p, hata TV yako iwe ya 4K (picha kali kuliko HD) na intaneti iwe ya faiba. Kilichopata kibali huwa na ngazi ya juu, L1, na ndicho kinachopewa HD na kuendelea.

Ndiyo maana ukungu wangu haukuwa wa intaneti. Nilibadilisha ruta bure.

Kabla hujatoa hela

Kama TV yako ni smati na Netflix na YouTube zinafunguka bila kuganda, huhitaji chochote. Nunua bando. Kifaa cha pembeni kina maana pale TV ni ya zamani lakini ina tundu la HDMI, au ni smati iliyochoka: programu zimeacha kupata masasisho, ukibonyeza rimoti unasubiri mpaka usahau ulichobonyeza.

Na usitupe king'amuzi. Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tumezoea kukilalamikia, lakini taarifa ya habari na mechi zinazokuja kwa antena au dishi hazili bando hata kidogo. Kustrimu, yaani kutazama moja kwa moja kwa intaneti, kunakula. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba HD inaweza kufika GB 3 kwa saa, na 4K GB 7. Filamu ya saa mbili kwa 4K ni GB 14. Kwa anayetumia hotspoti ya simu, bando la wiki linaishia sebuleni Ijumaa usiku. Dawa ipo: ingia kwenye akaunti yako ya Netflix kwa kivinjari, nenda kwenye mipangilio ya uchezaji, weka kiwango cha kati. Hapo unatumia kama GB 0.7 kwa saa, na kwenye TV ya inchi 32 macho yanasamehe. Kwa kasi, Netflix wanashauri Mbps 5 kwa HD kamili na 15 kwa 4K. Usinunue kifaa cha 4K kwa sababu tu kimeandikwa 4K kama intaneti yako haifiki huko.

1. Xiaomi TV Box S

Kwa nyumba nyingi za kwetu, hiki. Kizazi cha 2 kilitoka 2023 kikiwa na Google TV, RAM GB 2 na hifadhi GB 8. Cha 3, cha 2025, kimepandishwa hifadhi mpaka GB 32, na ukikipata kwa bei isiyopishana sana chukua hicho, kwa sababu zile GB 8 mfumo wenyewe unazila sehemu kubwa na baada ya programu kadhaa unaanza kufuta.

Sababu yangu ya kukiweka juu wala si kasi. Ni tundu la USB. Bando likiisha unachomeka flashi na jioni inaendelea: picha za familia, mahubiri, muvi zilizotafsiriwa ulizojaziwa mtaani. Stiki, vile vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye HDMI na kuning'inia, nyingi hazina nafasi hiyo; tundu lao moja ni la umeme tu. Rimoti ina kitufe cha kipaza sauti, na mama yangu, ambaye hajawahi kuandika neno kwenye TV kwa vile vimishale, hutaja tu jina la mwimbaji wa taarabu na YouTube inamletea.

Angalizo: feki zipo, zenye boksi linalofanana kabisa. Nitasema mwishoni namna ya kuzigundua.

Kuna pia ndugu yake mdogo, Xiaomi TV Stick 4K, inayoning'inia nyuma ya TV. Ni nzuri kwa chumbani, lakini haina pa kuchomeka flashi.

2. Google TV Streamer

Hii ndiyo iliyochukua nafasi ya Chromecast, kifaa cha awali cha Google, mwaka 2024, kwa bei ya dola 99.99 huko Marekani kabla ya usafiri na ushuru. RAM GB 4, hifadhi GB 32, na nyuma ina tundu la waya wa intaneti. Kama una faiba na ruta iko karibu na TV, huo waya ni raha: ukuta wa tofali hauzuii tena chochote, wala ugomvi wa watoto wote kung'ang'ania Wi-Fi moja. Inakaa mezani mbele ya TV, hainingʼinii.

Ningeiweka namba moja kama bei isingekuwa inakaribia ya TV nzima ya inchi ndogo. Tundu lake la USB-C ndilo la umeme, kwa hiyo flashi inahitaji kigawanyio cha ziada.

Chromecast za mtumba bado zinauzwa. Ile yenye rimoti na Google TV, ya 2020, ni mali. Zile za duara zisizo na rimoti ziache: Machi 2025 za kizazi cha 2 ziligoma dunia nzima kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimekwisha muda, na Google ikabidi watoe sasisho la kuzifufua. Kifaa cha 2015 kimefanya kazi yake, kipumzike.

3. Fire TV Stick

Sana sana utaipata kwa ndugu aliyetoka Marekani, Uingereza au Ghuba. Ya 4K ni nyepesi na picha zake safi, Netflix, YouTube na Prime Video zote zipo. Tatizo ni duka la programu: ni la Amazon, siyo Play Store, na programu nyingi za kwetu hazimo. Watu walikuwa wanazipachika kwa njia za panya, na kwa stiki nyingi inawezekana. Lakini Fire TV Stick 4K Select, iliyotoka 2025 kwa dola 39.99, inatumia mfumo mpya wa Vega ambao haukubali programu ya nje ya duka lao. Mwambie shemeji asome vizuri jina kabla hajalipa.

Ikitoka Marekani, kichwa cha chaja ni kile cha pini bapa mbili. Tumia chaja nzuri ya simu.

Hapo hapo, kwa stiki zote: usiibebeshe TV kazi ya kuilisha umeme. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa nusu ampea, stiki inataka zaidi. Itawaka, utaona nembo, utafurahi. Ukifungua filamu inajizima na kuanza upya. Mafundi wameshalipwa kwa ugonjwa huu, na tiba ni chaja tu.

4. Apple TV 4K

Ni bora kuliko vyote hapa kwa wepesi. Ya 2022 ni dola 129, au 149 ile ya GB 128 yenye tundu la waya wa intaneti. Umeme wake unaingia moja kwa moja kwa waya wa namba nane kama wa redio, hakuna adapta ya kupotea. Nyumba yenye iPhone tatu itaifurahia. Wengine wote mnalipia vitu msivyovitumia, na flashi haina pa kuingia.

Roku, kifaa kingine cha aina hii, naiacha. Inapendwa sana Marekani, lakini huku akaunti yake inasumbua.

Cha kukimbia: maboksi yasiyo na jina

Januari 2023 mtaalamu wa usalama wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza jinsi boksi la T95 alilonunua lilivyokuja na programu hasidi ndani yake tangu kiwandani. Juni 2025 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyotekwa na wahalifu, na mwezi uliofuata Google wakaenda mahakamani wakisema umeteka vifaa zaidi ya milioni 10 visivyo na kibali chao. Boksi la namna hiyo linaweza kugeuza intaneti yako kuwa njia ya watu wengine kupitishia shughuli zao. Umelala, bando linatembea.

Sasa dukani, iwe mtaa wa Aggrey wa Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi: mwambie muuzaji achomeke kifaa kwenye TV yake, mpe hotspoti yako. Tafuta Netflix ndani ya Play Store ya kifaa chenyewe. Isipoonekana, rudisha. Ikifunguka, angalia kama inaendeshwa kwa vitufe vya rimoti au kwa mshale. Mshale ni simu iliyovaa koti la TV. Bonyeza kipaza sauti, useme neno. Akikwambia "umeme wa TV hiyo ni mbovu, utajaribia nyumbani", mshukuru uende duka la pili.

Ukiangukia ya Google au ya Apple, nunua na waya wa HDMI hapo hapo. Ndani ya boksi haumo.