Msaada wa kisheria wa bure Tanga: unafunika nini, unaacha nini

Kwa ushauri na kuandikiwa nyaraka, huduma ya msaada wa kisheria Tanga ni nzuri, na ni ya bure kweli. Kwa kubebewa gharama zote za kesi, hapana. Hapo ndipo wanaotoka Pangani, Muheza au Mkinga huumia, maana walisikia "bure" wakadhani hata mahakama haitawadai kitu.

Huduma yenyewe inaendeshwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa ajili ya mtu asiyemudu kumlipa wakili. Utakutana na watu wa aina mbili. Yupo msaidizi wa kisheria, ambaye hupatikana hadi vijijini, na yupo wakili, kwa mfano kupitia TAWLA, chama cha wanasheria wanawake chenye ofisi mjini Tanga. Msaidizi atakusikiliza, atakuelekeza, atawapatanisha mkiwa tayari. Haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani wala kukutoza ada. Akidai hela ya kufungua jalada, ondoka.

Nenda na kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na nakala ya kila karatasi ya shauri: wito, hati ya madai, hukumu, mikataba. Barua ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Nyingi zinasema "ni mkazi wangu" basi. Mwombe mtendaji aandike kazi unayofanya, kipato chako na wanaokutegemea, kwa sababu kinachopimwa ni uwezo wako, si unakoishi.

Sasa ada za mahakama. Hizi si fedha za wakili, na wakili wa kujitolea hana wajibu wa kuzitoa mfukoni mwake. Kwa shauri la madai katika Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, Amri ya 33 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakuruhusu kuomba kufungua shauri bila kulipa ada. Ombi hubeba maelezo yote ya hati ya madai, pamoja na orodha ya mali zako, zinazohamishika na zisizohamishika, na thamani ya kila moja. Usifiche mbuzi wala kiwanja: upande wa pili hupewa taarifa na nafasi ya kupinga, na uwongo mmoja unaangusha ombi zima. Ukiwa umehamisha mali kwa hila ndani ya miezi 2 kabla ya kuomba, litakataliwa. Litakataliwa pia kama umeshaahidi kumgawia mtu mwingine sehemu ya kinachodaiwa, jambo ambalo ndugu hufanya bila kujua madhara yake. Na ada haijafutwa, imeahirishwa tu. Ukishinda hukatwa kwenye ushindi au hudaiwa aliyeshindwa; ukishindwa, utaamriwa uilipe wewe.

Pengo kubwa zaidi ni gharama za mpinzani. Ukishindwa, mahakama inaweza kuamuru umlipe gharama zake, na mtoa msaada hazibebi. Muulize wakili swali hili siku ya kwanza, kabla hujatia saini chochote. Nauli za mashahidi na malipo ya mpima ardhi nayo ni yako.

Udhaifu mwingine ni foleni. Mawakili ni wachache, na kusubiri kupangiwa hakusimamishi muda wa kisheria. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ni siku 30. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na huko hakuna ada: jaza fomu namba 1, mpe mwajiri nakala, peleka na uthibitisho kwamba ameipokea. Kwa mgogoro wa kazi, basi, usingoje wakili wa bure, fungua kwanza. Mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, na hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana itunze, kwani Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litaidai.

Kwa jinai, mambo ni mafupi. Mshitakiwa wa mauaji Mahakama Kuu huwekewa wakili na serikali. Katika makosa mengine, mshitakiwa asiye na uwezo, hata aliyeko mahabusu katika gereza la Maweni, anaweza kumwomba hakimu kwa mdomo aagize apatiwe msaada wa kisheria. Aombe mapema, kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa.