Kisanduku cha UVC: miezi minane baadaye

Nilianza vibaya. Kifaa changu cha kwanza cha kuua vijidudu kwa mionzi kilikuwa cha kushika mkononi kama kurunzi, na kilichonivuta ni ule mwanga wake wa zambarau iliyokolea. Nilikuwa nakipitisha juu ya simu mara mbili tatu, kama anayepangusa vumbi, kisha najiona nimemaliza kazi. Siku moja nikasoma maandishi madogo ubavuni: nanomita 395, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Kumbe hiyo ni UVA, mionzi ya urujuanimno (UV) ya mawimbi marefu! Mionzi inayovuruga DNA ya vijidudu upesi ni UVC, iliyo chini ya nanomita 280, nayo jicho haliioni kabisa.

Sasa natumia kisanduku chenye LED za nanomita 275. Kinawaka papo hapo, hakina zebaki kama taa za mirija, na hakinuki. Mwanzoni kutonuka huko kulinitia shaka, kwani nilidhani harufu ya ozoni ndiyo dalili ya kazi. La, ozoni hutengenezwa na mawimbi mafupi zaidi, ambayo LED hizi hazitoi.

Kilichonikera ni muda. Boksi linajisifu kwa sekunde 30, mimi naacha dakika tano. Kinachoua ni nguvu ya mionzi mara muda, na LED za UVC bado ni dhaifu: sehemu kubwa ya umeme huishia kuwa joto.

Miwani ndiyo iliyonifundisha zaidi. Taa ziko juu tu, nikawa naamini mionzi inapenya lenzi kwa kuwa mimi naona kupitia humo. Haipenyi. Kioo cha kawaida na plastiki ya lenzi ni ukuta mbele ya UVC. Basi naigeuza na kurudia, na kabla ya hapo naifuta, maana mafuta ya vidole nayo huwakinga vijidudu. Kifuniko cha simu yangu, cha plastiki nyeupe, kimeanza kugeuka manjano.

Kisanduku cha kwanza nilikirudisha: swichi ya mfuniko ilikuwa mbovu, taa zikabaki zimewaka mfuniko ukiwa wazi. Hilo si la kuvumilia, UVC inaunguza macho na ngozi bila wewe kuhisi lolote wakati huo. Nilichobadilishiwa kinazima vizuri.

Nyota nne. Kile cha zambarau sikukitupa, namulikia zulia usiku kutafuta paka alipokojoa, na kwa hilo hakina mpinzani.