Termux: Linux ndani ya simu ya mfukoni

Kila anayeniuliza ataanzaje kujifunza programu na laptopu hana, jibu langu ni moja: weka Termux kwenye simu, programu inayokupa Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) ya kutumia kwa kuandika amri. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na inakubali Android 7 kwenda juu. Ukiifungua unakuta skrini nyeusi na alama ya dola inakusubiri uandike. Wengi huishia hapo wakaifuta. Wewe andika `pkg update`, halafu `pkg install python git nano`, uliachie bando lifanye kazi.

Ikimaliza, una Python (lugha ya kuandikia programu) na Git (ya kutunza matoleo ya msimbo) zenyewe hasa, tena bila ku-root simu, yaani bila kufungua kufuli za mfumo wake. Programu ya mahesabu ya duka la shangazi yangu niliiandika kwa Flask (zana ya Python ya kuundia tovuti) humohumo kwenye simu, nimekaa kaunta, wateja wanakuja na kuondoka. Naiwasha Termux, nahamia kwenye kivinjari cha simu ileile, naandika localhost:5000 (anwani ya simu yenyewe), na orodha ya madeni ya unga na sukari hiyo hapo.

Kibodi ndiyo inayotisha watu, lakini wametufikiria: juu ya herufi kuna mstari wa ESC, TAB, CTRL na mishale. Kitufe cha kupunguza sauti nacho kinakuwa Ctrl. Kibonyeze pamoja na C, programu iliyokwama inakatika. (Shangazi hudhani nahangaika na redio.) Ukipata kibodi ya USB na kile kiwaya cha OTG cha kuiunganisha na simu, utasahau kama ni simu.

Sasa sikiliza vizuri. Termux ipakue kutoka F-Droid (duka la programu za msimbo wazi) au GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo). Ya Play Store hutengenezwa kando na ina upungufu, kwa sababu tangu Android 10 Google inabana programu zinazoendesha mafaili zilizoyapakua zenyewe, na Termux inaishi kwa hilohilo. Viongezeo kama Termux:API (kinachoiwezesha Termux kutumia kamera na vifaa vingine vya simu) navyo vichukue palepale ulipochukua Termux, la sivyo saini zao za kidijitali hazitalingana na simu itavikataa.

Jingine ni maktaba za Python. Android haitumii glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) kama Linux ya kawaida, inatumia yake iitwayo Bionic, kwa hiyo `pip install numpy`, amri ya kuweka maktaba ya hesabu, inaweza kuanza kuunda kila kitu upya mpaka simu ichemke. Andika `pkg install python-numpy`, inakuja tayari.

Kinachoniudhi kabisa ni Android 12. Ilileta kikomo cha michakato 32 ya nyuma, yaani kazi ambazo programu huzianzisha chinichini, kwa simu nzima. Ukizidisha, kazi inauawa na unabaki na ujumbe wa "signal 9". Android 14 imeweka swichi ya kuzima kizuizi hicho kwenye mipangilio ya wasanidi (Developer options). Iwashe mapema.

Kwa kujifunza, kuandika skripti na kuingia kwenye seva ya mbali kwa SSH (njia salama ya kuiendesha kwa amri), naipa tisa kwa kumi. Kwa mradi mkubwa wa React (zana ya JavaScript ya kuundia kurasa za tovuti) kwenye simu ya RAM GB 3, tafuta kompyuta ya kuazima. Na kazi zako zisukume GitHub kila jioni, maana ukiiondoa Termux, folda yake ya nyumbani inaondoka nayo yote.